Moto Uliokosa Njia ya Kutoka

Jumatano moja ya mwezi wa kumi, saa sita ya mchana, redio ndogo ya parokia yetu ya Kamina ilinyamaza katikati ya tangazo la kifo. Sauti ilikuwa imeanza vizuri kabisa: "Familia Mwamba ya Bukama inatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote kifo cha..." Halafu kimya. Hakukuwa hata na ule mkwaruzo wa redio iliyopoteza njia. Kimya kitupu, kama chumba ambacho mtu ametoka na kufunga mlango.

Sasa, Kamina ina akina Mwamba wengi. Kuna wale wa nyuma ya stesheni ya treni. Kuna wale wauza samaki wa sokoni. Kuna Mwalimu Mwamba, na kuna Mwamba mmoja mwanajeshi kule Base, kambi ya jeshi, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa Bukama tangu mwezi uliopita. Nusu saa haikupita, wote walikuwa wamefika kwenye uwanja wa redio, wanawake wamejifunga vitambaa kiunoni tayari kwa kulia, na kila mmoja akiuliza lile lile: ni nani amekufa?

Mwenye kuwajibu alikuwa Papa Amédée Kitwa, fundi wa redio, mtu wa miaka sitini na moja, mwembamba, mpole, miwani yake imeshikwa na uzi upande mmoja. Alitoka na karatasi ya tangazo mkononi, akawasomea kwa ile sauti yake ndogo. Aliyekufa alikuwa mzee wa miaka tisini, babu wa wale wa nyuma ya stesheni. Hao walianza kilio. Wengine walirudi kwao wakimshukuru Mungu kimoyomoyo, na wakiona haya kushukuru mbele ya wenye msiba. Yule mwanajeshi alikaa kwenye ngazi, akaweka uso katika mikono, mabega yakawa yanatikisika muda mrefu.

Papa Amédée alimtazama mpaka akashindwa kuendelea kumtazama. Kompyuta iliyozimika ilikuwa mpya, na aliyeiunganisha kipande kwa kipande ni yeye mwenyewe, siku kumi tu zilizopita.

Mtu huyu alizaliwa Luena, wakati baba yake akichimba makaa ya mawe. Shule yake iliishia darasa la sita. Nyaya alifundishwa na simu za zamani za stesheni, alipokuwa kijana wa kubeba ngazi ya mafundi; alikuwa akishika ngazi chini na kukodoa macho juu. Alipokuja Kamina na kumuoa Noémie, alianza kutengeneza redio za watu chini ya kibaraza, na siku moja padri akamuomba aje kuangalia mtambo wa parokia. Alikwenda kuangalia, akabaki miaka ishirini na mbili. Amepanda ile antena zaidi ya anavyoweza kuhesabu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, hufanya ishara ya msalaba. Si kwamba anaogopa umeme. Anaomba ruhusa.

Kompyuta ya zamani ilipokufa, wakristo walichanga. Bei ya iliyokwisha kuunganishwa ilishinda nguvu zao, basi vikaagizwa vipande kutoka Lubumbashi, vikafika kwa treni katika maboksi sita. Noémie alitandika meza kwa kitambaa cheupe. Papa Amédée alinawa mikono kama mtu anayekwenda kupokea komunyo, akaweka simu mbele yake yenye picha za kumuonyesha, akafanya kazi siku mbili taratibu. Ilipowaka mara ya kwanza, mke na mume walisimama wakasali Salamu Maria, halafu wakacheka, kwa sababu taa za ndani zilikuwa na rangi nyingi kama arusi.

Kila kitu kipya huja na nailoni yake, na nailoni hizo Papa Amédée aliziacha: juu ya kioo cha kuangalilia, juu ya ubavu wa sanduku, kila mahali. Nyumbani kwake ni vile vile. Viti vya sebuleni vina miaka saba na bado vina nailoni. Wageni wakikaa wakati wa jua, wanabanduka kwa sauti. Si ubahili. Kwao, na kwa karibu kila nyumba ya mtaa ule, kuondoa nailoni ni kukizeesha kitu kabla ya siku zake, maana vumbi jekundu la Kamina haliombi ruhusa.

Ugonjwa wa mashini ile ulikuwa moto. Ndani yake kuna kibamba kidogo kama biskuti, kinaitwa prosesa, na hicho ndicho kinachofikiri. Kikifikiri, kinapata moto. Kwa hiyo juu yake inawekwa radiateri, chuma yenye mabawa mengi membamba, na juu ya radiateri feni, ili moto upande kwenye chuma na upepo uuchukue. Kati ya kibamba na chuma inapakwa dawa ya kijivu, kama ile ya kusugulia meno. Hayo yote Papa Amédée aliyafanya. Hata hivyo, namba iliyoandikwa pembeni ya kioo ilikuwa ikipanda: digrii sabini na moja bila kazi, themanini na nane wimbo ukipigwa, tisini na saba matangazo yakianza. Ikikaribia mia, mashini inajizima yenyewe ili isiungue, na redio nzima inakufa nayo, kwa sababu sauti zote hupita humo.

Saa kumi ya Jumatano ile ile, Mama Carine Likoke alikuja kwa miguu. Huyu ndiye prezida wa kamati ya redio, mke wa ajida mmoja, askari wa cheo wa Base, mzaliwa wa mbali huko mkoa wa Équateur, mama mnene mwenye mwendo wa polepole. Kiswahili alijifunzia sokoni Kamina, na hakijampa shida hata siku moja kusema anachotaka kusema.

"Papa Amédée, leo nimeona mwanaume wa jeshi analia juu ya mama yake mwenye hakufa."

"Ni kweli, Mama Prezida."

"Mashini iko mupya?"

"Iko mupya."

"Basi shida ni mashini, ao ni weye?"

Alimjibu kwamba ni joto la mwezi huu, na bati la nyumba lisilo na dari. Mama Carine aliinua macho akalitazama bati. "Hii bati ilikuwa hapa hata na mashini ya zamani," akasema.

Hakuwa na hasira. Alimweleza kwa upole kwamba kamati itakaa Jumapili baada ya misa ya kwanza. Kama mpaka siku hiyo redio bado inakata vifo vya watu katikati, wataomba kijana mmoja wa Lubumbashi, Plamedi, mwenye diploma ya kompyuta, aje achukue studio. Papa Amédée atapumzika. Amefanya kazi ya kutosha, na hakuna atakayemsahau.

Kupumzika ni neno zuri, lakini siku ile lilimwingia Papa Amédée kama baridi. Alifikiria ufunguo wa studio, ule anaouvaa shingoni pamoja na rozari, akajiuliza kifua chake kitakuwaje bila uzito wake.

Alhamisi aliondoa ubavu wa sanduku, hewa iingie. Namba ilishuka kidogo, vumbi likaingia, namba ikarudi. Akaleta feni kubwa ya nyumbani akaielekeza mle ndani. Karatasi za matangazo zikaruka mpaka uwanjani, na mashini ikapata dakika tano zaidi. Akaiinua juu ya matofali. Akaweka beseni mbili za maji chumbani. Kila alilolijaribu aliliandika katika daftari, na namba yake pembeni. Alimeza hata kiburi chake, akampigia simu Plamedi mwenyewe. Kijana alikuwa na adabu nzuri, alimwita baba. Aliuliza kama dawa ya kijivu ilipakwa. Ilipakwa. Aliuliza kama radiateri imekazwa. Imekazwa. Basi, akasema Plamedi, mashini yenyewe itakuwa mbovu tangu kiwanda, waitume Lubumbashi. Lakini safari ya treni ni ndefu, na mpaka Jumapili zilibaki siku tatu tu.

Ijumaa alipata shauri jingine. Kama mashini inaweza kubeba robo saa tu, basi ifanye kazi robo saa, izimwe kabla haijajizima, na wakati inapoa, mikrofoni ipitishwe moja kwa moja kwenye mtambo, watu waimbe humo humo studioni. Noémie alikwenda kuwaita wenzake wa Legio Maria, chama cha sala cha parokia. Walikuja mama wanane na vitabu vyao vya nyimbo, wakabanana kwenye benchi karibu na mlango. Mashini ikizimwa, wanaimba. Ikiwashwa, wanakunywa maji.

Mpaka mchana sauti zilikuwa zimeanza kukwaruza.

"Hii mashini inapumzika kupita siye," mama mmoja alisema, "na siye njo tuko na miaka."

Watu wa mjini walidhani ni mpango maalumu wa mwezi wa rozari. Wengine walituma ujumbe kuomba wimbo huu na ule. Papa Amédée aliwashukuru wale mama mmoja mmoja kwa jina, lakini moyoni alijua kwamba hiyo si dawa. Hata mama wa Legio hawawezi kuimba mwaka mzima.

Jumamosi asubuhi walirudi. Baada ya wimbo wa tatu mashini iliwashwa, na Noémie, badala ya kurudi kwenye benchi, alibaki amesimama nyuma ya mume wake. Alikuwa akimtazama jinsi alivyoganda mbele ya kioo, midomo yake ikifuata namba zinavyopanda, kama mtu anayesali litania ya huzuni. Mwanamke huyu hajui chochote cha kompyuta, na hakusema anajua. Aliinama tu, akapitisha mkono kwenye ule ubavu ulio wazi, akaweka vidole juu ya ile chuma yenye mabawa. Akaviacha pale.

"Baba Hénoch," akasema. Hénoch ni mtoto wao wa kwanza. "Ile prosesa iko na moto namna gani sasa?"

"Tisini na sita."

"Na hii chuma ya juu yake, kazi yake ni kukamata ule moto?"

"Njo kazi yake."

"Weka mukono."

Aliweka mkono. Siku kumi na tatu alikuwa ameitazama namba; kugusa hakuwahi kugusa. Chuma ilikuwa na uvuguvugu mdogo tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.

"Minyi ninapika bukari tangu niko mutoto," Noémie alisema polepole, kama anayeogopa kukosea mbele ya fundi. Bukari ndiyo ugali wa kwao. "Kama makala inawaka muzuri mu mbabula na nyungu iko baridi, minyi siulizi makala. Nyungu haikukalia moto. Kuko kintu katikati."

Papa Amédée alizima mashini, akawafanyia wale mama ishara waanze kuimba, akachukua tournevis, bisibisi yake. Akafungua skrubu nne, moja baada ya nyingine. Akainua radiateri, akaigeuza tumbo juu karibu na dirisha.

Nailoni ilikuwa pale. Nyembamba, angavu, imebandikwa sawasawa chini ya chuma, na mshale mdogo mwekundu na maneno ya Kiingereza. Dawa yote ya kijivu ilikuwa imekaa juu ya nailoni, safi, wala haijawahi kuigusa chuma. Moto wa kibamba ulikuwa ukipanda, unafika kwenye ile ngozi ya plastiki, na hapo unakosa njia.

Noémie alifunika mdomo kwa mkono. Alijitahidi sana, mabega yake yakamsaliti.

"Cheka tu," mume wake akamwambia.

Akacheka mpaka akashika ukuta, na yeye naye akacheka, akavua miwani kupangusa macho. Mama wa Legio wakaendelea kuimba wakiwatazama bila kuelewa, mmoja akakosa ubeti kabisa, na Kamina nzima ikamsikia akiukosa.

Basi alibandua ile nailoni. Kwa pamba na alkoli ya famasi akasafisha kibamba na chuma mpaka vikang'aa. Katika tyubu kulikuwa kumebaki dawa kidogo; aliikamua yote, tone la ukubwa wa punje ya mahindi, akarudisha radiateri, akakaza. Ishara ya msalaba. Akawasha. Namba ilisimama arobaini na mbili. Nyimbo zikapigwa, ikafika hamsini na moja. Saa sita ya mchana, bati likilia kwa jua, matangazo yote yalisomwa mpaka neno la mwisho, na namba haikupita hamsini na nane. Sasa chuma ndiyo ilikuwa na moto, na upepo uliotoka nyuma ya sanduku ulikuwa na joto zuri kama la mlango wa jiko la mikate. Papa Amédée alikaa amekinga kiganja hapo, akiupokea.

Mama wanane walishukuriwa, wakaruhusiwa kurudi kwao. Mmoja alilalamika kwamba walikuwa wameanza kuzoea kuwa watu wakubwa.

Alasiri ikanyesha mvua ya kwanza kubwa ya msimu, mvua iliyofanya barabara zote kuwa mito myekundu. Na hiyo mvua ndiyo iliyomletea Papa Amédée jaribu. Jumapili, kamati ilipokaa katika chumba cha katekesi, Mama Carine alianza kwa kumshukuru Mungu aliyetuma mvua kupoza mashini. Wote wakaitikia. Lakini, akaendelea, mvua zina mwisho, na mwaka kesho mwezi wa kenda utarudi na jua lake. Mashini isiyoweza kustahimili jua la Kamina si mashini ya Kamina. Kwa hiyo aliona vema waiweke pembeni, watafute nyingine polepole, na Plamedi aje aiangalie kazi yote tangu mwanzo.

Papa Amédée alikuwa amekaa mwisho wa benchi, daftari juu ya magoti. Akinyamaza, mvua itabeba kosa lake, na hakuna atakayejua. Ila mashini nzuri, sadaka ya watu maskini, itatupwa. Akisema, mashini itapona, na yeye pengine ataondoka, maana nani atamwachia studio mzee asiyejua kubandua nailoni? Aliniambia mtu mmoja aliyekuwapo kwamba alimwona akishika rozari pamoja na ufunguo, akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Mashini iko muzuri, musiitupe," akasema. "Haikuwa joto, na haikuwa mvua. Ni minyi."

Akatoa ile nailoni katikati ya kurasa za daftari, akaiweka mezani, akaeleza yote bila kujitetea: maboksi, meza yenye kitambaa cheupe, mazoea ya kwao, mkono wa mke wake juu ya chuma. Mwalimu Mwamba, yule yule aliyekimbia Jumatano akidhani amefiwa, ndiye peke yake aliyesoma Kiingereza kidogo. Aliinua nailoni kwenye mwanga.

"Bameandika: ondosha hii mbele ya kutumia."

Chumba kilicheka, kikanyamaza ghafla, kwa sababu Mama Carine hakucheka.

"Kama ungenyamaza," alimuuliza, "siye tungesema ni mvua?"

"Ndiyo, Mama Prezida."

"Na tungetupa mashini ya bakristo."

"Ndiyo, Mama."

Mama Carine aliipepea ile nailoni kwa vidole. Halafu alisema kwamba kwake Base kuna televizyo ya miaka mitano ambayo bado ina nailoni yake, na ingekuwa yeye ndiye aliyepewa maboksi yale, nailoni zingekuwa mbili. Hapo ndipo alipocheka, na wote wakapumua.

"Plamedi atakuya," akasema. "Atakuya juma mbili, kukufundisha haya mambo ya mashini mupya, na kukusomea Kiingereza. Kisha atarudia kwao. Funguo inabakia kwako, papa na ngai."

Hayo maneno ya mwisho ni ya kwao Équateur, maana yake baba yangu, na hakuwahi kumwita hivyo. Papa Amédée alirekebisha miwani mara tatu, akakaa.

Mchana ule alifanya jambo ambalo hakulifanya tangu vipande vile vifike: alifunga mlango wa studio, akaiacha mashini ifanye kazi peke yake na mtangazaji, akarudi nyumbani kula. Barabara ilikuwa bado na maji, akatembea pembeni, penye majani. Katika nyumba ya kwanza redio ilikuwa inasema, familia Nyembo inatangaza kuzaliwa kwa mapacha. Katika ya pili jina la mama yao. Watu walikuwa uani wanapika, hawakumtazama, wala hawakuwa na sababu ya kumtazama. Tangazo lilikuwa linakwenda tu, kutoka dirisha hadi dirisha, na yeye akalifuata. Alipofika kwenye pampu ya maji lilikuwa linataja mahali na siku ya kuwashangilia watoto. Alipunguza mwendo ili lisimalizike nyuma yake. Likamalizika, lote, mpaka asante ya mwisho, na wimbo ukaanza.

Noémie alikuwa amekwisha kuandaa. Mume wake alishukuru, akanawa mikono, wakala.